Mrija uliosahaulika ndani ya figo: uchambuzi wa kisa

Picha ya eksirei ya tumbo ilionyesha mstari mweupe mwembamba ukishuka upande wa kushoto, kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. Ncha zake mbili hazikuonekana, kwa sababu zilikuwa zimemezwa na mawe. Jiwe la juu, ndani ya figo, lilikuwa na upana wa sentimita 2.8. La chini, ndani ya kibofu, lilizidi sentimita 3. Mstari ule ni stenti, mrija laini wa plastiki unaolazwa ndani ya ureta, yaani njia inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, ili mkojo upite bila kizuizi. Iliwekwa ikae wiki 6. Siku picha ilipopigwa ilikuwa imekaa miaka 2 na ushei.

Mgonjwa ninayemweleza si mtu mmoja. Nimemkusanya kutoka kwenye visa vya aina hii ambavyo kliniki za mkojo za Afrika Mashariki zinavifahamu vizuri, ili tatizo lielezwe lote bila mtu yeyote kuanikwa. Ni dereva wa lori mwenye miaka 41, anayepiga safari za Dar es Salaam hadi Tunduma. Kazi yake ina uzito katika kisa hiki. Barabarani hanywi maji ya kutosha, maana kila akisimama kujisaidia anapoteza muda, na mkojo mzito ndio unaozaa mawe. Tena hakai sehemu moja, kwa hiyo tarehe ya kliniki ikifika huenda yuko Mbeya, au laini aliyoiacha hospitalini haipatikani.

Mara ya kwanza alifikishwa hospitali ya mkoa akiwa na homa, anatetemeka, na ubavu wa kushoto haugusiki. Jiwe la milimita 9 lilikuwa limekwama sehemu ya juu ya ureta, na mkojo uliozuiliwa nyuma yake ulikuwa umeshaingia bakteria. Hii ni dharura. Figo iliyoziba na yenye usaha inaweza kumwaga bakteria kwenye damu na kumuua mtu ndani ya saa chache, na antibiotiki peke yake haitoshi kwa sababu dawa haifiki vizuri pale ambapo mkojo hautembei. Kinachotakiwa ni kufungua njia. Unaweza kutoboa ngozi ya mgongo kwa sindano na kuacha mrija unaotoa mkojo nje, au kupita kwenye kibofu na kupandisha stenti hadi juu ya jiwe. Utafiti uliozilinganisha njia hizo mbili mwaka 1998 haukuona iliyoipita nyenzake katika kumtuliza mgonjwa. Hospitali ile ilichagua stenti, na ilichagua sawa. Homa ilishuka na maumivu yakakata. Akaruhusiwa.

Jiwe lenyewe halikuguswa. Hilo nalo lilikuwa sahihi, kwa sababu kulivunja jiwe wakati bakteria wamejaa ni kuwasukumia ndani ya damu. Mpango ulikuwa arudi baada ya wiki 6, jiwe livunjwe na stenti itolewe kwa pamoja. Mpango huo ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi ya ruhusa, kwa vifupisho vya Kiingereza, kwa mwandiko ambao hata muuguzi wa kituo kingine angeusoma mara mbili.

Nilipomuuliza alifanyiwa nini, alijibu bila kusita: "Dokta, mimi nilisafishwa figo, jiwe likatoka." Aliamini hivyo kwa dhati. Aliingia hospitali akiwa na maumivu makali, akatoka hana, na mwilini mwake hapakuwa na alama hata moja.

Hapo ndipo kiini cha kisa hiki kilipo. Upasuaji wa figo wa zamani ulikuwa wa kuchana ubavu. Mgonjwa alikaa wodini siku nyingi, akatoka na kovu refu, na lazima arudi kutolewa nyuzi. Kidonda chenyewe kilimkumbusha. Upasuaji wa kamera umeondoa mateso hayo, na ni faida kubwa ambayo hatuna sababu ya kuirudisha nyuma. Lakini umeondoa pia kile kilichomrudisha mtu hospitali. Anayewekewa stenti hana bandeji, hana nyuzi, na mara nyingi anarudi kazini wiki hiyohiyo. Tusipomwambia kwa maneno yaliyonyooka kwamba kuna kitu kimebaki ndani yake, mwili wake hautamwambia mpaka mambo yaharibike.

Na stenti imeundwa ikae mahali pake. Mirija ya silikoni iliyoanza kupandishwa kwenye ureta kwa sistoskopu, yaani kamera ya kibofu, mwaka 1967 ilikuwa imenyooka, ikawa inateleza kushuka kwenye kibofu au kupanda juu. Mwaka 1978 ndipo ilipotokea ile yenye ncha zilizojikunja, moja ndani ya figo na nyingine ndani ya kibofu, na tatizo la kuteleza likapungua sana. Ndiyo tunayoitumia hadi leo. Haitatoka yenyewe, lazima mtu aitoe.

Ikikaa, mkojo unaacha chumvi zake juu ya plastiki. Kwanza bakteria hujenga utando mwembamba usioonekana, kisha fuwele za kalsiamu na fosfeti hushika juu ya utando huo, tabaka juu ya tabaka, kama chokaa inavyoganda ndani ya birika la maji ya kisima. Madaktari wa Riyadh waliochapisha matokeo yao mwaka 1991 kwa wagonjwa wa mawe walikuta gamba kwenye asilimia 9.2 ya stenti zilizotolewa kabla ya wiki 6, asilimia 47.5 kwa zilizokaa wiki 6 hadi 12, na asilimia 76.3 kwa zilizopita wiki 12. Kwa mtu ambaye mwili wake tayari unatengeneza mawe, wiki 6 si tarehe ya kubahatisha. Ni mpaka.

Miaka 2 ile haikupita kimya. Mkojo ulikuwa ukibadilika rangi kuwa ya damu baada ya safari ndefu. Alikuwa akienda haja ndogo mara kwa mara, na kila akikojoa anasikia maumivu yakipanda ubavuni. Dalili hiyo ya mwisho ingemshtua mtu yeyote anayejua stenti, kwa sababu mrija ulio wazi huruhusu mkojo kurudi juu kibofu kinapojikaza. Lakini kwenye maduka ya dawa na zahanati za njiani jibu lilikuwa ni UTI, akapewa siprofloksasini, akapata nafuu ya siku chache. Kituo kimoja kilifikiria kichocho kwa sababu ya damu, wakampa prazikwanteli. Wazo hilo si baya kwa mtu wa huku, na damu kwenye mkojo inastahili kuulizwa hivyo. Lililokosekana ni swali moja: umewahi kulazwa kwa ajili ya figo, na waliweka nini? Ultrasaundi ya kibofu kilichojaa mkojo ingeionyesha ncha ya stenti kwa dakika chache.

Kabla ya kufika kliniki ya rufaa alipitia hospitali nyingine iliyokuwa na sistoskopu. Walimpaka jeli ya ganzi, wakaingiza kamera, wakaona jiwe limefunika ncha ya chini, wakaishika kwa koleo na kuvuta kidogo. Haikusogea. Daktari aliyekuwa pale akaacha, akaandika barua ya rufaa. Naona hiki ndicho kitendo kilichoiokoa figo ile kuliko vyote vilivyofuata. Stenti iliyoota jiwe juu ikivutwa kwa nguvu kutoka chini, inakatika katikati, au mbaya zaidi inang'oa ureta. Ureta iliyong'oka haiungwi kirahisi. Mgonjwa anaishia kwenye upasuaji mkubwa wa kutumia kipande cha utumbo, au figo inatolewa. Kushika kitu mkononi, mgonjwa amelala mbele yako, na bado ukaacha, ni kazi ngumu na ya heshima.

Vipimo vya rufaa vilikuwa na maswali mawili ya kujibu. Kwanza, gamba liko wapi na ni kiasi gani. Kwa hilo tunahitaji CT skani isiyo na dawa ya rangi, kwa sababu eksirei ya kawaida inaficha mengi. Ilionyesha mawe mawili ya ncha, gamba jembamba kwenye theluthi ya chini ya ureta, na lile jiwe la zamani la milimita 9 likiwa bado pale, limebanwa kati ya mrija na ukuta. Pili, je, figo yenyewe inafaa kuokolewa? Kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikidhoofika, ilikuwa mikromoli 138 kwa lita, juu kidogo ya kawaida. Picha ya pili, ya dawa ya rangi, ilionyesha nyama ya figo ya kushoto imepungua unene lakini bado inachuja. Kama ingekuwa imebaki ganda tu, tungemshauri iondolewe. Kumpitisha mtu kwenye upasuaji mgumu kwa ajili ya figo isiyofanya kazi ni kumwongezea hatari bure.

Mkojo uliooteshwa maabara ulitoa bakteria ambao siprofloksasini haikuwagusa tena, jambo lisiloshangaza baada ya kuinywa mara zote zile. Alipewa antibiotiki iliyoonyeshwa na kipimo, akaanza kabla ya siku ya thieta. Hatua hii haiwezi kurukwa. Maji yanayopitishwa kwenye kamera ndani ya figo yana shinikizo, na mawe ya aina hii yana bakteria ndani yake hata mkojo ukionekana safi.

Mpango ulikuwa kuanza chini kwenda juu, kwa siku moja ikiwezekana. Tulikubaliana mapema na daktari wa usingizi wapi tutakoma. Kibofu na ureta zikila muda mrefu kupita kiasi, au sindano ya figo ikitoa usaha, tunaacha mrija wa kutoa mkojo na tunafunga kazi hadi siku nyingine. Makubaliano ya aina hii yafanyike kabla ya kuanza. Katikati ya upasuaji kila mtu anatamani kumaliza.

Alipewa nusu kaputi, akalazwa chali miguu ikiwa juu. Jiwe la kibofu lilivunjwa na vipande vikaoshwa nje. Kisha ureteroskopu, kamera ndefu nyembamba ya ureta, ikapandishwa kando ya stenti, ikitanguliwa na waya wa usalama. Waya huo ndio unaoishikilia njia: hata ureta ikijeruhiwa, bado una barabara ya kurudi kwenye figo. Uzi wa leza ya holmiamu ulipitishwa ndani ya kamera, ukapiga gamba kidogokidogo. Kwa karibu, gamba lile ni la rangi ya manjano iliyofifia, linakatika kwa vumbi, na chini yake plastiki imekuwa ngumu na dhaifu. Leza ikikosea inaikata stenti vipande, kwa hiyo mkono unatembea polepole. Jiwe la zamani lilivunjwa hapohapo. Baada ya hapo ureta ilikuwa huru, lakini ncha ya juu bado imeshikwa.

Mgonjwa aligeuzwa akalala kifudifudi. Kupitia mrija mwembamba uliopandishwa kutoka chini tulijaza figo dawa ya rangi, vyumba vyake vikaonekana kwenye mashine ya eksirei ya moja kwa moja. Sindano iliingia kupitia ngozi ya mgongo, ikalenga chumba cha nyuma cha chini, mahali ambapo mishipa mikubwa ya damu ni michache. Mkojo ulitoka safi, usio na usaha, tukaendelea. Waya, kisha vipanuzi kimoja baada ya kingine, mpaka njia ikawa na kipenyo cha Fr 24, yaani milimita 8. Kipimo cha Fr ni theluthi ya milimita. Ukigawa kwa 3 unapata upana halisi.

Njia hii ya mgongoni ina historia fupi kuliko wengi wanavyodhani. Kutoboa figo kwa sindano ili kutoa mkojo kulielezwa Marekani mwaka 1955, lakini ni mwaka 1976 ndipo Fernström na Johansson wa Uswidi walipochapisha taarifa ya njia iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya kutoa mawe. Leo upasuaji huu wa kutoa mawe kupitia mgongoni, unaoitwa kwa kifupi PCNL, ndiyo tiba ya kwanza kwa jiwe la figo linalozidi sentimita 2. Si ya kuchukuliwa kirahisi hata hivyo. Katika takwimu za kimataifa za wagonjwa 5,803 kutoka vituo 96, asilimia 10.5 walipata homa, asilimia 5.7 waliongezewa damu, na karibu robo walibaki na vipande. Mgonjwa alielezwa hayo kwa Kiswahili kabla ya kuweka saini kwenye fomu ya ridhaa, na mke wake alikuwepo.

Kamera ya figo ilipoingia, jiwe lilijaza picha nzima. Lilivunjwa, vipande vikatolewa kwa koleo, na katikati yake ikaonekana ncha iliyojikunja ya stenti. Ilipobaki haina kitu juu yake, ilishikwa na kutolewa kupitia mgongoni, nzima, kutoka juu. Maji yaliyotumika yalikuwa ya chumvi, si maji matupu; maji matupu yakiingia kwenye damu kwa wingi huvunja seli zake na kushusha sodiamu.

Kisha ukaja uamuzi ambao nafikiri ndio wenye fundisho kubwa. Ureta iliyopigwa leza huvimba, na utaratibu wa kawaida ni kuweka stenti mpya ili isizibe. Kitabibu isingekuwa kosa. Lakini tulikuwa na dereva yuleyule, mwenye barabara ileile, na mwili uleule unaotengeneza mawe. Tulichagua kuacha mrija mwembamba wa ureta unaotoka nje na kufungwa pamoja na mpira wa mkojo, na mrija mwingine mgongoni. Yote miwili inaonekana, inasumbua kidogo, na haiwezekani kutoka nayo wodini bila mtu kuitoa. Wenzangu wengine wangeweka stenti yenye uzi unaoning'inia nje, ambayo hutolewa bila kamera, na hiyo pia ni hoja nzuri. Ninachopinga ni kuweka stenti nyingine iliyofichika kabisa kwa mazoea, bila kujiuliza nani atakuja kuitoa.

Usiku wa kwanza homa ilipanda hadi 38.9. Shinikizo la damu lilishikilia, mkojo ulikuwa unatoka, antibiotiki zikaendelea, na asubuhi ya pili homa ikashuka. Mrija wa ureta ulitolewa baada ya siku 2, wa mgongoni siku iliyofuata baada ya picha kuonyesha dawa inashuka hadi kibofu. Hakuongezewa damu.

Kabla hajaruhusiwa, muuguzi wa wodi alikaa naye pembeni ya kitanda. "Baba, sasa huna mrija wowote ndani. Ukiambiwa siku nyingine umewekewa, uliza unatoka lini, na mama naye aandike." Mke wake aliandika kwenye simu. Ushauri wa maji ulikuwa mahususi kwa kazi yake: anywe kiasi cha kumfanya akojoe lita 2.5 kwa siku, chupa iwe kando ya usukani, na aangalie rangi ya mkojo kila akisimama. Apunguze chumvi. Maziwa na dagaa asiviache. Wengi wanadhani kalsiamu ya chakula ndiyo inayoleta jiwe, kumbe ikiliwa kwa kiasi husaidia kuizuia tumboni oksaleti, kemikali ya vyakula inayochangia mawe.

Watu wanaposikia kisa hiki husema mgonjwa hakurudi, na kwa kweli hakurudi. Lakini anayesema hivyo aeleze pia ni kitu gani kingemrudisha. Hakujua ana mrija. Karatasi yake haikusomeka. Hakuna aliyempigia simu wiki ya 6 ilipopita. Na kwa wasio na bima, kutoa stenti ni malipo mapya, kwa kitu ambacho hakimuumi tena kiasi cha kumfanya auze chochote. Kila moja kati ya sababu hizi ina dawa isiyohitaji mashine. Daftari la stenti liwekwe thieta, lenye tarehe ya kuweka, tarehe ya mwisho ya kutoa, namba ya mgonjwa na namba ya ndugu asiyesafiri. Mtu mmoja mwenye jina apewe kazi ya kulifungua kila Jumatatu na kupiga simu. Karatasi ya Kiswahili yenye tarehe kwa herufi kubwa itoke na mgonjwa. Na gharama ya kuitoa iingizwe kwenye malipo ya kuiweka, kwa sababu ni kazi moja. Hospitali inayoweza kununua leza haiwezi kushindwa kununua daftari.

Ningeongeza moja kwa wenzetu wa zahanati na maduka ya dawa, wanaowaona wagonjwa hawa kabla yetu. UTI inayorudi kwa mwanaume wa makamo inahitaji picha kabla ya dozi ya tatu.

Baada ya miezi 3 kreatinini ilikuwa mikromoli 112. CT skani ilionyesha ureta iko wazi na kipande cha milimita 4 kwenye chumba cha chini cha figo, kisichoziba kitu. Hatutakifuata sasa. Atapigwa ultrasaundi kila baada ya miezi 6, na kikikua au kikishuka, ureteroskopu inayojipinda itakifikia bila kutoboa mgongo tena. Tarehe ya kipimo kijacho iko kwenye daftari, pamoja na namba ya mke wake.